Wapewe na nafasi ya kusema
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema watoto wa sekondari siku hizi hawajitolei kwa sababu simu zimewameza. Sikubali. Mwaka wa sita huu nikiwa mjumbe wa kamati ya mtaa, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, wanaotangulia kufika mtaroni ni hao hao wa kidato cha pili na cha tatu. Kinachowakatisha tamaa ni kwamba tunawaita kwenye reki na fyekeo, ikifika saa ya kikao tunawafukuza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, lakini mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo aliyezibua mtaro hana pa kuuliza kwa nini gari la taka halipiti. Mwaka juzi tuliwaomba wazunguke mtaa mzima, waandike kila mahali maji yanapotuama na kila taa iliyoungua, kisha binti wa miaka 15 akaisoma orodha ile mbele ya wazee. Ukumbi wote kimya. Makalvati mawili yalitengenezwa, na tangu siku hiyo hatugongi tena milango kuwaita. Mabaraza ya watoto nayo, ambako wangepaswa kutoa maoni yao, mengi niliyoyaona huamka Juni 16 tu, Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa fulana na maandamano. Huko kwenu baraza lilikutana lini mara ya mwisho, na maoni ya watoto yalifikishwa kwa nani?