Abyei: Ramani ya Majeshi na Kalenda ya Ng'ombe

Kwa miaka ya karibuni, kila Novemba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linapoongeza muda wa UNISFA, ujumbe wa kulinda amani wa Abyei, lawama ni ile ile: ujumbe ulioitwa wa mpito mwaka 2011 umegeuka mkaazi, unatumia zaidi ya dola milioni 250 kwa mwaka, na bado haijaamuliwa kama Abyei ni ya Sudan au ya Sudan Kusini. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Hata hivyo naona wanaudai ujumbe huo deni la wanasiasa wa Khartoum na Juba, na wanaipita haraka mno kazi ambayo waliopanga ujumbe waliilenga tangu mwanzo.

Asili ya mgogoro inafahamika, hasa kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa Itifaki ya Abyei ilitiwa saini Naivasha mwaka 2004, na tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya mwaka 2016 mzozo huu umekuwa wa mpaka wetu wa kaskazini. Wakazi walipaswa kupiga kura ya maoni Januari 2011. Kura hiyo ilikwama kwenye swali la nani ni mkazi: Wadinka wa Ngok walioishi hapo mwaka mzima peke yao, au pia Wamisseriya, wafugaji wa Kiarabu wa Sudan, wanaoshuka na ng'ombe wao kila kiangazi na kukaa miezi kadhaa. Mei 2011 jeshi la Sudan liliuteka mji, na watu zaidi ya 100,000 wakakimbilia kusini, huku ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuwa na kambi pale pale ukishindwa kuzuia.

Mpango mpya ulizaliwa katika hali hiyo. Makubaliano yalifikiwa Addis Ababa tarehe 20 Juni 2011, wiki moja baadaye Baraza likapitisha azimio namba 1990 la kupeleka wanajeshi 4,200, takriban wote kutoka Ethiopia, na mwezi uliofuata wa kwanza wao walikuwa wameshaanza kuingia, katikati ya mvua. Wakosoaji walionya kwamba kutegemea jeshi la nchi moja, tena jirani, ni kuufunga ujumbe kwenye siasa za jirani huyo. Onyo hilo lilitimia: uhusiano wa Khartoum na Addis Ababa ulipoharibika kwa sababu ya al-Fashaga, ardhi ya mpakani wanayoigombania, na bwawa la Ethiopia kwenye Mto Nile, Sudan ilitaka Waethiopia waondoke, na mwaka 2022 nafasi yao ikachukuliwa na vikosi vya mataifa mbalimbali. Lakini mwaka 2011 hapakuwa na jeshi jingine ambalo pande zote mbili zililikubali na ambalo lingeweza kufika kwa haraka kiasi hicho. Kwa mtu aliyekuwa amelala chini ya mti ng'ambo ya mto, akisubiri kurudi kulima mtama, tofauti ya kungoja walinzi mwezi mmoja na kuwangoja, tuseme, miezi minane ni msimu mzima wa chakula.

Kuna hesabu moja ambayo kila anayeujadili ujumbe huu angepaswa kuipiga. Kwa mipaka iliyowekwa na Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mwaka 2009, Abyei ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 10,500, zaidi ya mara sita ya kisiwa cha Unguja. Gawanya wanajeshi 4,200 humo, na kila mmoja anabaki na kilomita mbili na nusu za mraba, jambo linaloonekana kuwezekana hadi tukumbuke kwamba jeshi lina wapishi, madereva, mafundi, matabibu na walinzi wa kambi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba theluthi moja ndio wanaotoka doria, tena kwa zamu za usiku na mchana: kilomita zinakuwa kumi na tano kwa mtu mmoja. Baadaye idadi ya juu ya wanajeshi ilishushwa hadi 3,250. Ongeza udongo mweusi wa mfinyanzi ambao, mvua ikishika, unameza gurudumu la lori hadi ekseli na kuifanya njia ya saa moja kuwa safari ya siku nzima, kama inapitika. Hakuna jeshi la ukubwa huo linaloweza kuulinda mstari. Linaloweza ni kujua nani atapita wapi, na lini, kisha kuwahi kufika.

Ndiyo maana naitetea kazi ambayo hudharauliwa kama ya wazee chini ya mti. Mvua zikikatika, Wamisseriya huanza kushuka kufuata malisho na maji ya mto ambao wao huuita Bahr el-Arab na Wadinka huuita Kiir. Mahakama ile ile iliyochora mipaka ilisema haki za jadi za malisho zinabaki palepale. Kikao kinachofanyika kabla ya msimu, cha kukubaliana njia za mifugo, mahali pa kunywesha na fidia ya ng'ombe aliyeibwa au mtu aliyeuawa, kinafanya kwa maneno kazi ambayo vikosi haviwezi kuifanya kwa bunduki. Doria hupangwa kufuata makubaliano hayo.

Kuna siku mpango huo ulishindwa vibaya. Mei 2013 chifu mkuu wa Ngok, Kuol Deng Majok, aliuawa akiwa ndani ya msafara wa walinda amani wenyewe, pamoja na mwanajeshi mmoja wa Ethiopia. Mazungumzo yalivunjika, na Oktoba mwaka huo Wangok wakapiga kura yao peke yao, kura ambayo hakuna serikali iliyoitambua. Aliyesema wakati ule kwamba vikao vya wazee haviwezi kubeba uzito wa ugomvi wa mataifa alikuwa na ushahidi mkononi.

Na bado mwaka 2016 jamii hizo mbili zilifungua soko la pamoja pale Amiet, kaskazini ya mji wa Abyei, lenye kamati ya amani ya pande zote mbili. Sukari na vitunguu huteremka kutoka kaskazini, na wanunuzi hupanda kutoka kusini. Mtu ambaye ndugu yake aliuawa na watu wa upande wa pili anasimama mbele ya kibanda cha mtu wa upande huo akiulizia bei ya gunia. Doria zilizolinda njia za kwenda huko hazikuamua mpaka, wala hazikutumwa kuuamua.

Kasoro ninayoiona kubwa iko kwingine. Mpango ulitazama kaskazini tu. Tangu Februari 2022 damu nyingi imemwagika kusini, kati ya Wangok na Wadinka wa Twic, jirani zao wa Sudan Kusini, kwa ugomvi wa ardhi ya Aneet, na mwishoni mwa Januari 2024 shambulio moja liliua watu wapatao 52, akiwemo mlinda amani kutoka Ghana. Polisi wa Abyei walioahidiwa mwaka 2011 hawakuundwa, kwa sababu pande mbili hazikukubaliana, kwa hiyo mwanajeshi wa kigeni ndiye anayeshika mwizi wa ng'ombe bila kuwa na mahakama ya kumpeleka.

Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, Khartoum haina nafasi ya kuijadili Abyei, na wapo wanaotumia hali hiyo kama sababu ya kuufunga ujumbe. Mimi naisoma kinyume chake. Baraza liupe ujumbe polisi na wahandisi wa barabara, lipeleke doria za kudumu upande wa Aneet, na uamuzi wa kuongeza muda lisiusubirishe hadi Novemba, wakati mvua zimekatika na ng'ombe wako njiani.