Rangi ya kiwandani, au rangi aitakayo mwenye gari?

Magari ya zamani yamepata heshima mpya Arusha na Moshi. Land Rover Series III iliyochoka kubeba mbao, Mercedes W123 ya mzee mstaafu, Peugeot 504 iliyofunikwa turubai tangu mwenyewe afariki: watu wanayatoa, wanafufua injini, wanapiga rangi. Kwa nje hakuna ugomvi mkubwa. Ugomvi uko ndani. Mmoja anataka viti, milango na dashibodi virudie rangi ileile iliyotoka kiwandani, hata kama ni kahawia ambayo leo inaonekana ya kizee. Mwingine anasema gari ni lake, anataka leza nyeusi (ile ngozi bandia ya plastiki) yenye uzi mwekundu, na mjadala umeisha.

Mimi niko upande wa kwanza, ila si kwa sababu inayotajwa sana, yaani bei. Kwa W123 hasa, hoja ya bei ni dhaifu. Yalitengenezwa karibu milioni 2.7 hadi uzalishaji ulipokoma katikati ya miaka ya 1980, kwa hiyo si kitu adimu. Na mnunuzi wa hapa akija kuangalia gari kuukuu anaanza na injini, kutu na kadi ya gari. Atakayekuuliza kama kahawia ya kiti ndiyo yenyewe utamngoja sana.

Sababu yangu ni kwamba rangi za ndani zilipangwa kwa pamoja. Kiti, paneli ya mlango, kapeti, dashibodi na zile plastiki za kwenye nguzo ni ukoo mmoja. Ukigusa kimoja umejitwisha vyote. Tuseme W123 imetoka na ndani ya kahawia, mwenyewe kashona viti vyeusi. Viti vimependeza, lakini sasa dashibodi ya kahawia inaonekana uchafu. Anaagiza ipigwe rangi nyeusi. Fundi anapulizia juu ya plastiki iliyopakwa dawa ya kung'arisha kwa miaka mingi, na dawa hizo nyingi zina silikoni; isipooshwa ikatoka yote, rangi haishiki. Baada ya miezi kadhaa ya jua, ukikwaruza kwa kucha pale karibu na kitasa, ile nyeusi inabanduka kama gamba na kahawia inachungulia chini yake. Gari hilo sasa si la kiwandani wala si la mwenyewe.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja ambazo wapenzi wa uasilia hatuzijibu vizuri.

Ya kwanza ni jua. Leza ya plastiki hulainishwa na kemikali ambazo joto huzifukuza taratibu, ndiyo maana dashibodi hukakamaa na kupasuka. Rangi nayo hupauka. Kwa hiyo ukiagiza leza mpya ya rangi sahihi kabisa ukashona kiti kimoja, kiti hicho ndicho kitakachoonekana cha uongo, maana vilivyobaki vimeshakuwa rangi nyingine. Fundi mzuri wa Unga Limited, Arusha, atakwambia ulinganishe na vilivyobaki, si na picha ya mtandaoni. Hapo unachofuata si rangi ya kiwandani tena, ni kivuli chake, na sioni ubaya wowote katika hilo. Ila linganisha nje, juani. Vipande viwili vinavyofanana chini ya taa ya dukani vinaweza kuachana kabisa ukivitoa mlangoni.

Ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa watunza magari wenyewe. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, lina mwongozo uitwao Hati ya Turin, unaotanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kukarabati. Kwa mtazamo huo, anayeng'oa leza ya mwaka 1978 iliyochakaa lakini nzima ili aweke mpya ya rangi ileile ameharibu kitu cha asili kwa jina la uasilia. Nakubaliana nao. Kiti chenye mshono uliofumuka kinashonwa palepale; si lazima kivuliwe nguo zote. Nimeona viti vilivyohitaji sabuni na brashi tu vikitupwa nyuma ya gereji, kisha mwenye gari anajisifu kwamba amerudisha kila kitu.

Tena tusiite asili kila kilicho ghali. Kuna mtindo wa kuivalisha Series III ngozi halisi na kapeti nene, mwenyewe akisema ameirudishia hadhi yake. Hadhi ipi? Series III, iliyoanza 1971, kwa kawaida ilitoka na viti vya leza nyeusi na mpira sakafuni, ili ukitoka mashambani uifagie na kuifuta. Hiyo kapeti yenye sponji chini yake inakunywa maji kila gari linapooshwa. Bodi ya Land Rover nyingi yake ni aluminiamu, sawa, lakini ukuta unaotenganisha injini na miguu yako ni chuma, na chuma hicho kinaliwa kimyakimya chini ya hiyo hadhi.

Anayetaka kujua rangi halisi aanze na gari lenyewe. Avue egemeo la kiti cha nyuma, afungue paneli ya mlango, aangalie chini ya kisahani cha majivu ambako jua halikuwahi kufika. Kwenye Toyota nyingi kibati cha utambulisho wa gari kina mstari wa C/TR: namba ya kwanza ni ya rangi ya bodi, inayofuata ni ya ndani. Mercedes ya enzi ile ina msimbo wa viti kwenye kadi yake ya data, na tarakimu ya kwanza inasema ni kitambaa (0), leza ya MB-Tex (1) au ngozi (2).

Gari ambalo limeshonwa upya mara tatu na halina hata kipande cha mwanzo ni jambo jingine. Hapo mwenye kutaka rangi ya damu ya mzee apake damu ya mzee, simzuii, hakuna anachoharibu. Ninayemzuia ni yule ambaye vya kwake bado vipo. Akilalamika kwamba leza nyeusi ya Series III inaunguza mapaja saa saba mchana pale stendi ya Moshi, analalamika kwa haki, na hakuna hati ya Turin itakayompoza. Anunue kava za kitambaa. Zinavalishwa asubuhi na kuvuliwa jioni, na kilicho chini kinabaki salama.