Soma namba ya chesisi kabla hujapenda rangi

Familia yenye watoto watatu au wanne, na bibi anayekuja likizo, mara nyingi hujikuta ikichagua kati ya Toyota Wish na Toyota Noah za mtumba. Sina ugomvi na hilo. Spea zipo na mafundi wanazijua. Ninachopinga ni namna tunavyochagua: tunakagua rimu, redio na rangi, halafu habari za injini tunamwachia dalali.

Herufi za mwanzo za chesisi zitakuambia mengi. Wish ya toleo la kwanza, la 2003 hadi 2009, ikianza na ZNE ina injini ya 1ZZ, cc 1800. Ikianza na ANE ni cc 2000 ya D4, yaani injini yenye mfumo tofauti wa kupuliza petroli. Noah ya AZR60 nayo ni D4. Iliyoifuata mwaka 2007, ZRR70, siyo. Kwenye D4 petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa na kuziosha. Kaboni inajaa pale, gari linaanza kutetemeka kwenye foleni na kukosa nguvu mlimani. Pampu yake ya presha haivumilii petroli chafu, na kuibadilisha ni gharama. Wapo wanaozitunza zikadumu, lakini kama gari la nyumbani ni hilo moja tu, chukua ZNE.

Nayo ina ugonjwa wake: ikizeeka hula oili, kwa sababu pete za oili kwenye pistoni huganda kwa kaboni. Injini hii inabeba lita 3.7 tu pamoja na filta. Ikipungua lita moja bila wewe kujua, umeshaingia hatarini.

Kwa hiyo nenda asubuhi na mapema, na mwombe muuzaji asiliwashe. Weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta ni la moto, rudi siku nyingine, maana dalili unazozitafuta huonekana injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili uone kama imepungua, kisha fungua rejeta: unataka kulanti (maji ya kupoozea injini) yenye rangi safi, si maji ya kutu wala utando wa mafuta. Sasa mtu awashe, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka kidogo na kuisha, mara nyingi ni sili za valvu. Ukiendelea kutoka kila anapokanyaga mafuta hata injini ikishapata moto, shuku pete. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe. Moshi mweupe mzito usiokoma, huku kulanti ikipungua, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kuungua.

Giaboksi ijaribu ukiwa umekanyaga breki: weka R, kisha D. Ikichelewa kushika au ikigonga kwa nguvu, achana nalo. Wish za toleo la pili, kuanzia 2009, zina CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, na hizo huuliwa na mafuta ya giaboksi yasiyo yake, kwa hiyo muulize mwenye gari aliweka mafuta gani humo na lini.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake. Angalia raba ya pedeli ya breki, na lebo iliyoshonwa chini kabisa ya mkanda wa kiti, ambayo mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa. Mkanda mmoja ukiwa mpya kuliko mingine, uliza gari liligongwa wapi. Kwenye tairi, namba kama 2219 maana yake limetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019.

Halafu pakieni wote. Kiti cha safu ya tatu cha Wish ni cha watoto, na kikisimamishwa nyuma hapabaki nafasi ya sanduku la maana. Mkiwa saba kila siku, Noah ya ZRR70 inawafaa zaidi, na mlango wake wa kuteleza ni msaada mkubwa kwa bibi mwenye magoti mabovu. Piteni kwenye matuta mkiwa mmejaa. Nyuma ikigonga, shokapu zimechoka.

Mwisho, shika kadi ya gari na uilinganishe na chesisi herufi kwa herufi. Ukikuta namba imekwaruzwa au imechomelewa, usijadili bei, ondoka.