Nimezunguka Rioja Yote, Sijameza Kitu

Watu wakisikia nimeenda Rioja, kule Hispania kwenye waini, wananiangalia kwa wivu. Wivu wa nini bwana wee, wamekunywa wenzangu, mimi nimeendesha! Mama Neema ana mdogo wake anaishi Bilbao, ndiye katualika likizo, na leseni hana, miaka yote hiyo Ulaya anapanda treni, sasa kati yetu sisi watatu mwenye leseni ya kimataifa ni mimi peke yangu, basi kikao kikafungwa hapohapo. "Shem utatuendesha eeh, wewe si mzoefu." Mzoefu wa Mbagala! Huku wanaendesha kulia, nikikaribia mzunguko nasali kwa sauti. Na kilevi kwa dereva mwisho gramu 0.5 kwa lita ya damu, ukizidi hapo ndo ujieleze, kwa Kihispania.

Tukaanza na mji wa Haro. Kuna mtaa wa stesheni pale, viwanda vya waini vimebanana pembeni ya reli, ati kwa sababu zamani, miaka ya 1800 na kitu, kuna kadudu kalitafuna mizizi ya mizabibu ya Ufaransa mashamba kwa mashamba yakafa, wafanyabiashara wa Kifaransa wakaja kununulia huku, na treni ilishafika, kwahiyo pipa likitoka kiwandani linaingia behewani. Hela ikamwagika, mwaka 1890 mji una taa za umeme barabarani. 1890! Mtaani kwetu nguzo zimeletwa juzi na bado zimelala chini, watoto wanazikalia.

Sasa tukashushwa handakini, chini ya kiwanda kimoja. Baridi, ukungu mweusi ukutani, utando wa buibui umening'inia mpaka unagusa kichwa, na mama Neema ambaye nyumbani akiona utando mmoja tu kwenye pazia siku hiyo hatukaliki, hapo anatabasamu anasema "yaani ona walivyotunza". Nikanyamaza. Mapipa ya mwaloni, moja lita 225, yamepangwa mpaka mwisho huoni. Dada anayetutembeza akaeleza, waini ikiitwa Reserva imekaa miaka 3 na angalau mmoja ndani ya pipa, Gran Reserva 5, na miwili iwe ya pipa. Mimi nasikiliza huku napiga hesabu, lita zote hizo, leo hatukosi glasi ya kueleweka.

Ikaja glasi kubwa, uso mzima unaingia, ndani yake kimiminiko cha kidole kimoja. Na hicho kidole usinywe kwanza! Inamisha, tazama rangi kwenye karatasi nyeupe, zungusha, nusa, zungusha tena, nusa tena, haya sema unasikia nini. Nikasema nasikia waini. Kimya. Shemeji akafumba macho akasema anasikia vanila na ngozi, yule dada akafurahi kweli, akasema vanila ni ya mwaloni wa Marekani. Mjomba wangu Dodoma ana shamba la zabibu, anavuna mara mbili kwa mwaka, sijawahi kumsikia kasema zabibu zake zinanuka kiatu.

Nilipotaka sasa kumeza, mama Neema kanishika mkono. "Baba Neema, gari." Nikasogezewa ndoo. Nikatema, jamani, mtu mzima na ndevu zangu, natema Gran Reserva kwenye ndoo mbele za watu huku wenzangu wanaongezewa.

Na hao hao wa Haro kila tarehe 29 Juni wanapanda mlimani nje ya mji, nguo nyeupe, skafu nyekundu shingoni, wanamwagiana waini kwa ndoo na pampu za kupulizia dawa mashambani mpaka wanageuka zambarau wote. Mimi kidole kimoja, na hicho nakirudisha!

Basi kijiji cha Elciego kuna hoteli ya msanifu Frank Gehry, ilifunguliwa 2006, paa lake mabati ya titani na chuma cha pua yamekunjwakunjwa, pinki, dhahabu, fedha, kama paa la banda lililobebwa na kimbunga likatua juu ya jengo la mtu. Wanapiga picha. Nikauliza bei ya chumba, nikarudi garini kusubiri. Laguardia ndo kabisa, mji uko juu kilimani ndani ya kuta, magari hayaruhusiwi kuingia kwa sababu chini ya nyumba kote wamechimba mahandaki ya kuhifadhia waini, kwahiyo dereva anapaki bondeni anapanda kwa miguu na mkoba wa mkewe.

Njaa nayo. Chakula cha mchana kwao saa nane, ukichelewa jikoni wamefunga, cha usiku mpaka saa tatu. Hapo katikati ukae na Mungu wako. Mji wa Logroño kuna kichochoro kinaitwa Calle Laurel, baa tupu pande zote, na nitasema ukweli, uyoga wao wa kukaanga na kitunguu saumu, umewekwa juu ya mkate na kakamba kamoja ka baharini, umechomekwa kijiti, ni mtamu hasa. Ila unakula umesimama, kisha unahamia baa ya jirani kusimama tena. Wenzangu kila baa glasi. Mimi maji yenye gesi.

Kurudi usiku polisi wakatusimamisha. Nyuma shemeji na mama Neema wanaimba kwaya, buti limejaa chupa, gari zima linanuka kama pipa lenyewe, askari akaninusa, akatabasamu, akaleta kile kidude. Nikapuliza. 0.00. Akakitazama, akakigonga kiganjani, akanipulizisha upya. 0.00. Akasema kitu, shemeji akatafsiri, "anakupa pole."

Nilichokuwa nimejishikilia nacho njia nzima ni chupa yangu mwenyewe, Gran Reserva, nimeilipia kwa hela yangu ili nikifika nivue viatu ninywe. Nimefika, nimevua viatu, nimeshika kifungulio, shemeji kanipokonya chupa. "Shem hapana, waini ikisafirishwa inachoka, inabidi ilale wiki kadhaa ndo inywewe."

Imechoka waini!! Kwani iliendesha yenyewe?