Mfamasia Atoke Dirishani

Kwa miaka minne nilifanya kazi nyuma ya dirisha. Wafamasia wenzangu wa Tanzania wanalijua: kioo, chini yake tundu la kupitishia karatasi na dawa, foleni upande wa pili. Niliijua mikono ya watu kuliko nyuso zao. Mkono wa mama uliokunja cheti mara nne, mkono wa kijana unaotetemeka kwa homa, mkono wa ndugu wa mgonjwa anayekuja kila asubuhi kuchukua vichupa viwili vya seftriaksoni, antibayotiki ya sindano. Nilivihesabu, nikaandika kwenye leja, nikavisukuma tunduni. Mgonjwa mwenyewe sikumwona hata siku moja. Alikuwa amelala wodini, hatua chache tu kutoka nilipoketi.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Uingereza, nikiwa mfamasia wa hospitali upande wa magonjwa ya kuambukiza. Ndugu na marafiki wakiniuliza huku kuna tofauti gani, wanategemea nitaje mashine au mshahara. Vipo, sikatai. Lakini tofauti iliyobadilisha kazi yangu ni kwamba huku sina dirisha.

Asubuhi, kabla ya raundi, nafungua orodha ya wagonjwa wote wanaopata antibayotiki kwa dripu. Kila mmoja namuulizia mambo yale yale. Anatibiwa nini hasa? Dawa imeanza lini? Kalcha ya damu imeotesha kimelea gani? Figo zikoje? Ana uzito gani? Anaweza kumeza? Hospitali za England zina mwongozo wa tangu 2011 unaosema hivi: mgonjwa aliye hatarini aanzishiwe dawa haraka, lakini ikifika kati ya saa 48 na 72 lazima mtu arudi kwenye faili na aandike uamuzi. Dawa isimamishwe, ibadilishwe, iwe ya kumeza, iendelee, au mgonjwa aruhusiwe akamalizie dripu akiwa kwake. Mara nyingi anayerudi kwenye hilo faili ni mimi.

Naikumbuka raundi yangu ya kwanza. Daktari bingwa alisimama miguuni mwa kitanda, akasoma majibu ya maabara, kisha akanigeukia: "Wewe mfamasia unasemaje?" Nilikaa kimya kidogo. Katika miaka yangu yote ya nyumbani hakuna daktari aliyewahi kuniuliza swali hilo, na sisemi hivyo kuwalaumu madaktari wetu. Hatukuwahi kusimama nao kwenye kitanda kimoja, wangeniulizia wapi? Nikamwambia kiwango cha vankomaisini, antibayotiki aliyokuwa anapewa, kwenye damu kiko chini mno, mgonjwa ana kilo 110 na dozi aliyoandikiwa ingemtosha mtu wa kilo 60. Vankomaisini ikiwa pungufu haiui kimelea, ikizidi inaumiza figo. Ndiyo maana tunaipima. Dozi ikabadilishwa pale pale, tukasogea kitanda kinachofuata.

Yupo mgonjwa mwingine ambaye sijamsahau, bibi wa zaidi ya miaka sabini, kidonda cha mguu kimepata maambukizi. Juu ya faili lake yaliandikwa maneno mekundu: mzio wa penisilini. Nikavuta kiti, nikamuuliza ilitokea nini. Hakukumbuka. Mama yake ndiye aliyemsimulia kwamba akiwa na miaka sita alipewa penisilini akatoka vipele. Koo halikuvimba, hakubanwa na pumzi, ngozi haikubabuka. Vipele tu, vikaisha. Kwa ajili ya vipele hivyo, kwa zaidi ya miaka sitini kila alipougua alipewa dawa ya pili kwa ubora, na mara nyingine dawa yenye madhara zaidi. Watu wengi hawajui kwamba kati ya watu walioandikiwa mzio wa penisilini, zaidi ya 9 kati ya 10 wakichunguzwa vizuri hukutwa hawana. Tukakubaliana na daktari, tukampa amoksisilini ya kumeza, muuguzi akiwa karibu na dawa za dharura zikiwa tayari. Nusu saa, saa nzima, hakuna kitu. Tukafuta yale maneno na kumwandikia barua daktari wake wa mtaani. Bibi akanishika mkono: "Kwa hiyo miaka yote hii…" Hakumalizia.

Mashine gani ilitumika hapo? Kiti, maswali, kidonge kimoja na mtu mwenye ruhusa ya kuuliza.

Naomba pia nisieleweke kwamba nimekuja huku kujifunza kila kitu. Kusajiliwa kwenyewe kulinirudisha darasani: mwaka mmoja wa masomo kwa wafamasia waliosomea nje, wiki 52 za kufanya kazi chini ya msimamizi, kisha mtihani wa usajili. Ilikuwa ngumu, na iliniuma kuhesabiwa kama sijawahi kushika dawa. Halafu siku moja akaletwa mgonjwa mwenye kifua kikuu na VVU. Daktari kijana akaandika dolutegraviri, dawa ya VVU, mara moja kwa siku pamoja na rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Bila kufungua kitabu nikasema iwe miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwa sababu rifampisini inaliamsha ini livunje dolutegraviri haraka, na ikibaki dozi ya kawaida virusi vitapata upenyo. Akaniuliza nimesomea wapi hilo. Sikulisomea tu, nilikuwa nalifanya. Anachokiona yeye mara chache kwa mwaka, mwenzangu wa kliniki za nyumbani hukutana nacho kila mara.

Malaria kali vilevile. Uingereza ilipata wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria waliotoka nayo safarini mwaka 2023, na mmoja anapofika usiku akiwa haelewi alipo, simu inapigwa kwangu. Sindano ya artesuneti saa ya kwanza, saa 12 baadaye, saa 24, na akishapona asiachwe hivi hivi: chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo damu ipimwe tena mpaka wiki ya nne.

Na kuna hili ambalo ninalisema kwa fahari kila ninapopata nafasi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanza Tanzania mwaka 1977, ukimhusisha mtaalamu wa kifua kikuu Dk. Karel Styblo, ulionyesha kwamba nchi isiyo na fedha nyingi inaweza kumfuatilia mgonjwa wa TB tangu makohozi yanapopimwa mpaka kidonge cha mwisho. Kutokana na uzoefu huo ndipo Shirika la Afya Duniani lilipojenga mkakati wa DOTS, wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya msimamizi, uliosambazwa duniani miaka ya 1990. Wenzangu huku wengi hawalijui hilo. Kadi ya mgonjwa, jina la msimamizi wa dozi, tarehe ya kurudi, mtu wa kumfuata nyumbani asipoonekana: hayo yote tuliyaweza, na tunayaweza hadi leo.

Ndiyo maana swali linalonisumbua ni kwa nini uangalifu huo tuliupa TB, seftriaksoni tukainyima. Rifampisini ina rejista yake, ina tarehe, ina mtu wa kuulizwa. Seftriaksoni inaandikwa kwa homa yoyote, siku saba, na hakuna anayerudi siku ya tatu kuuliza homa ile ilikuwa ya nini. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa, kwa kuwa vimelea huizoea upesi. Kwetu tunaitoa kama maji.

Mwaka juzi mdogo wangu alinipigia simu usiku.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Baba anaendeleaje?"

"Homa imeshuka, chakula anakula. Ila tangu juzi anasema kuna mlio masikioni, kama nyuki. Na tukimsemesha anatuambia turudie."

Baba alikuwa amelazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo yaliyopanda mpaka kwenye figo. Nikamwambia anitumie picha ya cheti. Jentamaisini, antibayotiki ya sindano, miligramu 80, mara tatu kwa siku. Dawa yenyewe si mbaya, kwa ugonjwa ule hata mimi ningeweza kuianza. Nikauliza leo ni siku ya ngapi. Siku ya kumi.

"Kreatinini wamempima?"

"Ndiyo nini hiyo, dada?"

Kreatinini ni kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Baba ana miaka 74 na kilo 52. Jentamaisini hutolewa mwilini na figo. Figo zikichoka inajilundika, na inapojilundika inaharibu figo zenyewe pamoja na sikio la ndani. Wodini kwangu ikifika siku ya tatu lazima mtu aeleze kwa nini bado inaendelea. Nilimwomba mdogo wangu aende kwa daktari usiku ule ule aombe isimamishwe na damu ipimwe. Daktari alikuwa msikivu, akaisimamisha. Kreatinini ilikuwa juu. Figo zilirudi karibu na kawaida baada ya wiki kadhaa. Masikio hayakurudi, na uharibifu wa aina hiyo kwa kawaida haurudi. Nikiongea na baba kwa simu sasa napaza sauti, na yeye anajibu swali ambalo sikuuliza.

Hospitali siitaji, na wala sitafuti mtu wa kufukuzwa kazi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba hospitali ile ina mfamasia. Kwa siku kumi mdogo wangu alikwenda dirishani kwake kuchukua vichupa. Kwa siku kumi vilihesabiwa, vikaandikwa, vikasukumwa tunduni. Cheti hakikuwa na umri wa baba, wala uzito, wala tarehe ya kuanza dawa. Mfamasia yule alikuwa anafanya kazi ile ile niliyoifanya mimi kwa miaka minne, na kwa namna ile ile. Sijui ni baba wa nani niliyempa vichupa vya siku ya kumi.

Najua nitajibiwa kwamba vifaa hakuna. Ni kweli kwa sehemu. Maabara ya kuotesha vimelea haipo kila mahali, na pale ilipo vitendanishi huisha. Mwaka 2019 usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kama tunavyoufupisha, uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na eneo la Afrika kusini mwa Sahara ndilo lililobeba mzigo mkubwa kuliko mengine kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Maabara tuzidai, tena kwa sauti. Lakini kuandika uzito kwenye cheti hakuhitaji maabara. Kuandika "siku ya 3" hakuhitaji kompyuta. Kreatinini inapimwa katika hospitali nyingi ambazo kalcha hazina. Kumhamisha mgonjwa kutoka sindano kwenda vidonge kunapunguza gharama badala ya kuziongeza, na utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba hata huko dawa za kumeza hazikushindwa na dripu.

Wengine watasema madaktari hawatakubali. Wapo watakaonuna, hata huku wapo. Mimi nimejifunza kuuliza kabla ya kusema: "Daktari, huyu tunamtibu nini, ili nipange siku?" Mara nyingi swali hilo peke yake linatosha, kwa sababu na yeye alikuwa na wagonjwa arobaini na hakupata nafasi ya kujiuliza. Daktari aliyechoka anamhitaji mtu wa kumkagua dozi kuliko anavyomhitaji mtu wa kumtii.

Na upungufu wa wafamasia? Sikusema dirisha lifungwe. Wateknolojia wa dawa wanalimudu vizuri kabisa. Mfamasia atoke saa moja tu kwa siku, kwenye wodi moja, aanze na wagonjwa wa dawa tatu: jentamaisini, vankomaisini pale inapopatikana, na seftriaksoni iliyovuka siku ya tatu. Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali inaweza kulipitisha hilo kwenye kikao kimoja. Vyuo vyetu vinawafundisha wanafunzi famasia ya kitabibu, wanafaulu, halafu tunawakabidhi leja.

Miezi michache baadaye baba alirudi kliniki. Mdogo wangu aliandika kwenye karatasi umri, uzito na majibu ya kreatinini, akaipitisha dirishani pamoja na cheti. Jioni ile nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa mfamasia wa pale, binti mdogo kwa sauti, ameiomba namba yangu kwa mdogo wangu. Tuliongea dakika arobaini: namna ya kukadiria utendaji wa figo kwa umri, uzito na kreatinini, dozi zipi zipunguzwe na zipi ziongezewe muda katikati. Aliandika kila kitu, nilikuwa naisikia kalamu. Nikamuuliza kama anaweza kuyapeleka haya wodini kesho asubuhi.

"Wodini naingia mara moja kwa mwezi, dada," akasema. "Kuhesabu dawa za kabatini."