Papa unayelalamika pembeni ya tereni, kuya ushike filimbi

Siku ya posho, yaani Jumamosi, Lubumbashi yote inageuka tereni ya mupira, Katuba, Ruashi, Kampemba, popote kuko vumbi na miti ya kusimamisha goli. Batoto beko, makochi beko, bazazi ndio usiseme, kinachokosekana ni muntu wa filimbi, arbitre wa kuamua mechi. Na mi naona haiko juu ya feza, ni juu ya matusi. Muntu anajitolea bure halafu mama ya mutoto wa myaka tisa anamuita mwizi.

Kila papa anaona wake ataingia TP Mazembe, timu yetu ya hapa, naelewa, tangu 2010 pale tulipopiga Internacional ya Brazil 2-0 huko Abu Dhabi kila mutu hapa anaota. Mpaka leo golikipa mudogo akisikia wenzake wametia goli anakaa chini anaruka na matako kama Kidiaba, golikipa wa Mazembe wa ile wakati, na kochi wa ngambo anadai karti ya njano! Karti ya nini? Acha mutoto afurahi, bora asichelewesha mechi.

Mi napuliza filimbi kwa mechi za batoto, na kwangu arbitre wa batoto kazi yake ya kwanza ni kufundisha. Angalia tushi tu, mupira wa kurusha na mikono ukitoka pembeni. Kanuni inasema miguu yote mbili chini, mikono yote mbili, mupira utoke nyuma ya kichwa upite juu, ukiharibu unaenda kwa wengine. Sawa. Lakini huyu wa myaka munane ameinua muguu moja, ukimunyanganya mupira bila neno atajua nini? Mi namuonyesha, anarudilia, akikosea tena ndio nawapa wengine. Kuko makochi hawapendi, wanasema kanuni ni kanuni, na ni hao hao wanalia "orjee!" (kuotea, offside) kwa mupira wa tushi wakati kwa tushi orjee iliondolewa tangu 1920, mbele hata babu zao hawajazaliwa.

Kwa wale wakubwa kidogo wenye mudomo, kanuni za IFAB, wale wanaoandika sheria za mupira, zenyewe zinaruhusu kwa football ya batoto kumutoa mutoto kwa muda kisha arudi, asilimia 10 mpaka 15 ya mechi, yaani kwa mechi ya dakika 60 ni dakika 6 mpaka 9. Ile dawa mi naipenda sana kuliko nyekundu, mutoto anakaa pembeni anaona wenzake wanateseka wakiwa kumi juu yake, na papa yake naye ananyamaza ghafla, sijui kwa nini lakini ananyamaza.

Kitu kingine hatukisemi ni jua. Mwezi wa kumi hapa, mbele mvula haijaanza, saa nane mchana kwa ile vumbi nyekundu... Mwaka 2022 kwa CAN, kombe ya Afrika, ya Cameroun, arbitre jirani yetu wa Zambia Janny Sikazwe alimaliza mechi ya Tunisia na Mali kwa dakika ya 85, ikaendelea, akamaliza tena mbele ya 90 haijatimia, dunia yote ilicheka, kumbe joto lilikuwa limemupiga. Huyo alikuwa arbitre wa FIFA. Sasa huyu wetu wa bure wa commune ya Kenya ao Kamalondo hapa Lubumbashi anakimbia mechi tatu mufululizo bila hata chupa ya maji, na bazazi wamebeba juzi (jus ya kunywa) ya batoto tu. Mukichanga ya juzi, muongeze na maji ya arbitre, na mechi za kwanza zianze saa mbili asubui.