Wanawake wa Majengo Wanatudai

Tangu mwaka 1985, wanawake wanaouza ngono pale Majengo, Nairobi, wamekuwa wakiingia kliniki ya watafiti na kunyoosha mkono watolewe damu. Wachache kati yao walikaa miaka na miaka bila kuambukizwa Virusi vya Ukimwi, ingawa hali ya kazi yao iliwaweka hatarini kila siku. Wanasayansi wakawachunguza wakitafuta njia ya kutengeneza chanjo. Chanjo haijapatikana hadi leo, lakini maarifa mengi yametoka kwenye mishipa ile.

Ndiyo maana niliumia Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada na vituo vya kuwahudumia wanawake kama hawa vikafunga milango. Wakaambiwa waende hospitali za serikali, eti dawa ni zile zile, hata PrEP, vidonge vya kumkinga mtu asiambukizwe virusi. Sawa, dawa ni zile zile. Lakini mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja alfajiri utampangisha foleni saa mbili asubuhi, kisha umuulize mbele ya benchi zima, "Wewe PrEP unaitakia nini?" Ataondoka. Hata mimi ningeondoka.

Dada mmoja alinionyesha kikopo chake cha PrEP. Amekijaza pamba. Vidonge vikicheza mkobani, mteja hudhani ni ARV, dawa za mtu aliyekwisha kuambukizwa, na hapo ama akimbie ama ampige. Ujanja huo alifundishwa na mwelimishaji rika, mwenzake wa kazi hiyo hiyo, ambaye humpelekea kondomu hadi baa na kumpigia simu siku ya kupima ikikaribia. Marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, aliliona hili mapema, akawakusanya wanawake wa Majengo wafundishane wenyewe kwa wenyewe.

Sasa kuna sindano ya lenacapavir, kinga kama PrEP ya vidonge, mara 2 tu kwa mwaka, haina kikopo wala kelele. Naifurahia mno. Ila sindano haiendi baa saa sita usiku kumtafuta mtu. Kaunti ziwalipe waelimishaji rika kama zinavyowalipa wahudumu wa afya ya jamii, na askari wakome kumkamata mwanamke kwa kukuta kondomu mkobani mwake. Kondomu si ushahidi wa kosa.

Mwelimishaji wa yule dada hajalipwa tangu kituo chao kifungwe. Bado humpigia simu, kwa salio lake mwenyewe.